Uingereza ya karne ya 19: si mabwana peke yao waliosimulia

Ukiitaja Uingereza ya karne ya 19, wengi huona Malkia Victoria, magari ya farasi na mabibi wenye magauni mapana. Husemwa pia kwamba maskini wa enzi hizo hawakuacha neno, kwa kuwa wengi hawakujua kuandika. Si kweli.

Mwaka 1838 mvua kubwa ilifurika mgodi wa makaa ya mawe wa Huskar, Yorkshire, na watoto 26 wakafa maji. Baadaye iliundwa tume ya kuchunguza ajira ya watoto, na ripoti yake ya migodi ikatoka 1842. Humo yumo Sarah Gooder, msichana wa miaka 8 kutoka mgodi wa Gawber. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mlango wa kuongozea hewa na kuufungua mikokoteni ipite. Alisema huingia saa kumi alfajiri, pengine saa tisa na nusu, na kutoka saa kumi na moja jioni. Akipata taa huimba. Gizani hathubutu.

Wapo wanaodhani maneno hayo yametufikia yalivyotamkwa. La. Makamishna wa tume waliuliza, kisha wakaondoa maswali yao na kuyaunganisha majibu. Hata kamati ya bunge iliyotangulia, ya mbunge Michael Sadler, iliyochunguza viwanda mwaka 1832, ililaumiwa kwa kusikiliza upande mmoja. Kwangu mimi, hilo halimfanyi Sarah muongo: watoto wa migodi mingine nao walilitaja giza lile lile.

Wengine huamini sheria ya 1842, iliyowatoa wanawake na wasichana wote chini ya ardhi pamoja na wavulana wasiofika miaka 10, iliwaletea wote nafuu. Kwa wanawake wengi ujira ulikatika bila fidia. Baadhi waliendelea kushuka kwa siri, na katika mji wa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, wanawake walichambua makaa juu ya mgodi kwa miongo mingi.

Na watu wenye asili ya Afrika au waliotoka Afrika, walitazamwa tu? Mary Prince, aliyezaliwa utumwani katika visiwa vya Bermuda, alisimulia maisha yake hadi London, na kitabu kikachapishwa 1831. Sultani Barghash wa Zanzibar alipoizuru Uingereza mwaka 1875, aliyoyaona huko yeye na msafara wake yaliandikwa kwa Kiarabu na kuchapishwa.