Kinondoni haikukimbiwa na watu: namna ya kusoma takwimu za wilaya iliyogawanywa

Ukiweka jedwali la sensa ya 2012 kando ya lile la 2022, Kinondoni, wilaya ya Dar es Salaam, inaonekana kama imehamwa: watu 1,775,049, kisha watu 982,328. Nimeona hesabu hiyo kwenye maandiko ya miradi, tena ikiwa imeshatafutiwa sababu: kodi za nyumba, mafuriko, watu kuhamia Kibaha. Sababu zina mashiko, ila jambo zinaloeleza halikutokea.

Kilichobadilika ni mpaka. Kinondoni ya 2012 ilikuwa na kata 34. Kati ya sensa hizo mbili, kata 14 za magharibi, kuanzia Sinza na Manzese hadi Kibamba, zilimegwa zikawa Wilaya ya Ubungo. Kinondoni ikabaki na kata 20.

Kwa hiyo usilinganishe majina, linganisha ardhi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha wilaya za sasa: Kinondoni 982,328 na Ubungo 1,086,912 mwaka 2022, jumla 2,069,240. Hiyo ndiyo ya kulinganishwa na 1,775,049 ya mwaka 2012. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kurudi kwenye jedwali la kata la 2012 na kujumlisha zile 20 tu zilizobaki. Utapata 929,681. Zile 14 za Ubungo zinatoa 845,368. Jumlisha tena hizo mbili uone kama zinarudi kwenye 1,775,049. Zisiporudi, kuna kata umeiruka au umeihesabu mara mbili.

Sasa tafuta kasi ya ongezeko. Gawa idadi mpya kwa ya zamani, bonyeza kitufe cha ln (logi asilia) kwenye kikokotoo, kisha gawa jibu kwa miaka 10. Kinondoni: 982,328 kwa 929,681 ni 1.0566, ln yake 0.055, yaani asilimia 0.55 kwa mwaka. Ubungo inatoa asilimia 2.5. Wengi huchukua ongezeko lote la miaka kumi na kuligawa kwa kumi moja kwa moja. Kwa Kinondoni tofauti haionekani, lakini kwa Ubungo utaandika 2.9 badala ya 2.5, na ukipiga makadirio ya miaka ishirini mbele, kosa hilo linazaa watu laki na ushee wasiokuwepo.

Asilimia 0.55 ni ndogo mno kwa Dar es Salaam, ambayo mkoa mzima ulikua kwa asilimia 2.1. Kwa maoni yangu, ufafanuzi wake uko kwenye ramani.

Wilaya hii ni ukanda wa pwani. Kusini bonde la Mto Msimbazi linaitenga na Ilala, hadi mto unapoingia baharini penye Daraja la Selander. Kaskazini inaishia Mto Mpiji, ng'ambo yake ni Bagamoyo. Kata za kusini ni ndogo na zimejaa: Tandale, Ndugumbi, Mzimuni, Magomeni, Kigogo, Hananasif. Tandale peke yake ilikuwa na watu karibu 55,000 mwaka 2012, na huko hakuna kiwanja cha kuongeza nyumba ya chini. Penye nafasi ni kaskazini, Wazo, Bunju na Mabwepande. Wazo ilishapita watu 90,000 mwaka huohuo wa 2012.

Ndiyo maana wastani wa msongamano kwa wilaya nzima hausaidii kitu. Unachanganya Tandale na Msitu wa Pande ulioko Mabwepande, kambi ya jeshi ya Lugalo na machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Wazo. Kabla ya kugawa watu kwa kilomita za mraba, toa kwanza maeneo ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kujenga. Toa na mabonde ya mito. Yana wakazi, najua, lakini baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia baadhi ya watu wa Bonde la Msimbazi huko Mabwepande, na kata hiyo ikapata wakazi kwa amri badala ya kwa soko la viwanja.

Mito mingine hutajwa kwa nadra kwenye wasifu wa wilaya. Mlalakuwa, Mbezi na Tegeta inashuka kutoka miinuko ya magharibi, inapita chini ya Barabara ya Bagamoyo na kumwaga baharini. Mchanga wake ndio uliokuwa ukilisha fukwe. Unapochimbwa mtoni kwa ajili ya matofali, mambo mawili hufuata: nguzo za madaraja zinaachwa uchi, na ufuko wa Kunduchi unaliwa na mawimbi kwa sababu hakuna mchanga mpya wa kufidia ule unaochukuliwa.

Majina nayo yana mitego. Kinondoni ni wilaya, ni jimbo la uchaguzi (la pili ni Kawe), na ni kata. Mbezi Juu na Mbezi Beach ziko Kinondoni, lakini Kata ya Mbezi, yenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iko Ubungo. Na tangu Februari 2021 Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hivyo jedwali la halmashauri likisema Jiji lina watu 1,649,912, hiyo ni Ilala tu. Mkoa mzima ni 5,383,728.

Kumbuka pia kwamba sensa inamhesabu mtu pale alipolala, usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Mwajiriwa wa Mikocheni anayelala Chanika ni mtu wa Ilala. Kwa shule za msingi na maji ya majumbani, idadi hiyo inafaa. Kwa daladala na vyoo vya sokoni, nenda ukahesabu watu mchana.

Lingine ni mpaka wa kaskazini. Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyo kumi, asilimia 6.1 kwa mwaka, na sehemu ya ongezeko hilo ni jiji lililovuka Mpiji. Anayepanga zahanati au bomba la maji la Bunju achukue na takwimu za Mapinga, kata ya Bagamoyo iliyo ng'ambo tu ya mto, maana wagonjwa na wanunuzi wa maji hawaulizi mpaka.