Je, wajua kwa nini ndugu wawili wa Maji ya Chai wana meno ya rangi tofauti?

Kuna familia moja pale Maji ya Chai, barabara ya Moshi–Arusha, ninayoifahamu vizuri. Kaka mkubwa meno yake ya mbele ni ya kahawia na yana vishimo. Mdogo wake, aliyezaliwa baada ya bomba kuletwa kutoka chanzo kingine, ana meno meupe. Mama yao aliolewa hapo akiwa na miaka 22, akitokea Marangu. Ameyanywa maji yaleyale aliyokulia mtoto wake wa kwanza, na meno yake hayajabadilika hata kidogo. Wote wanakula chungu kimoja. Imekuwaje?

Kwanza tuondoe lawama. Huko Dar wengi wanaamini watu wa Arusha hawapigi mswaki, na nimewaona mabinti wakijisugua kwa mkaa na majivu hadi ufizi unatoka damu. Ile rangi si uchafu. Imo ndani ya jino lenyewe, na kasoro iliyoileta ilianza kabla jino halijaota.

Chanzo chake ni floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Kidogo chake hulinda meno yasioze. Kikizidi, huvuruga ujenzi wa lile tabaka gumu la nje. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya ufizi tangu uchanga hadi miaka 8 hivi. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, tabaka hutoka likiwa na matundu madogo, na jino likishaota, matundu hayo hunyonya rangi hadi jino likawa kahawia. Jino lililokwisha kujengwa haliharibiki kwa njia hiyo. Ndiyo maana mama wa Marangu alipona meno. Mifupa ni habari nyingine, kwa sababu hujijenga upya maisha yote. Anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi anaweza kukakamaa mgongo na viungo hata kama alihamia akiwa mtu mzima.

Yote hayo yanatoka mlimani. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi, na maji yanayopita humo yana magadi mengi na kalisi (kalsiamu) kidogo. Kalisi ingekuwa nyingi, ingeishika floraidi na kuituliza chini kama mashapo. Kwa kuwa ni haba, floraidi hubaki imeyeyuka majini. Maziwa ya Momella yana mamia ya miligramu kwa kila lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Hata magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi yanaweza kuongeza floraidi mezani.

Eneo linaloniumiza zaidi ni Ngarenanyuki, kwenye miteremko ya Mlima Meru huohuo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza Wameru katika ardhi hiyo ili kuwapisha wafugaji wa kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, na kesi hiyo ya ardhi ikawa mojawapo ya hatua za mwanzo za siasa za kudai uhuru Tanganyika. Ardhi ile iliyopiganiwa kwa uchungu namna hiyo ndiyo yenye maji ya floraidi nyingi mno. Wapo watoto waliokua na miguu iliyopinda.

Baada ya uhuru serikali ilijikuta njia panda. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Sababu yake naielewa: kushikilia 1.5 wakati ule kungemaanisha kufunga visima ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Hata hivyo, watoto wa miaka ile ndio wazazi wa leo wanaoziba midomo kwa kanga wanapopigwa picha.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na jambo hili kwa miongo mingi. Njia yake inayojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembechembe, na maji yakipitishwa humo floraidi hunaswa. Ugumu ni kwamba mifupa isiyoiva vizuri huyapa maji harufu, na mkaa uliokwisha kushiba lazima ubadilishwe. Familia nyingi huishia hapo. Mjini Arusha, mradi mkubwa wa maji uliokopewa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Vijiji vilivyo mbali na mabomba hayo bado vinategemea mito na visima vyake.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki palepale, na kila kikombe kinakuwa na nyingi kuliko mwanzo. Maji ya mvua ndiyo yana floraidi kidogo sana. Kwa nyumba yenye mtoto ambaye hajafika miaka 8, mfereji wa bati na simtanki moja, maji hayo ya mvua yakitengwa kwa ajili ya kunywa kwake na uji wake tu, vinaweza kuyaokoa meno ambayo bado yamo ndani ya ufizi.