Waya Unaouona Si Uzembe wa Tsuburaya

Juzi nimeambiwa tena kwamba filamu za anga za Wajapani na Waitalia za miaka ya sitini zilikuwa za bei ya chini, waliozitengeneza hawakujali, ndiyo maana waya zilizoning'iniza vyombo zinaonekana. Kazi yangu ni kupiga filamu za modeli, yaani vyombo vidogo vya kuigiza vile vikubwa, na maneno haya yamenichosha.

La waya nalimaliza upesi. Filamu hizo zilipigwa zitazamwe ukumbini kutoka kwenye nakala, na zilizokwenda nje mara nyingi zilikuwa nakala ya nakala. Kila hatua hupunguza ukali wa picha, na waya mwembamba uliopakwa rangi humezwa na chembe za mkanda. Leo watu wanaskani negativu yenyewe, yaani mkanda wa kwanza uliotoka kwenye kamera, wanakaza mwanga, kisha wewe unasimamisha picha sebuleni kwako. Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za hila wa studio ya Toho ya Japani, alifika hadi kuning'iniza modeli kichwa chini na kugeuza kamera, waya zipite chini ya chombo, kwa sababu jicho huzitafuta juu. Mtu huyo unamwita mzembe?

Kinachoifanya modeli ionekane ya kuchezea ni kasi. Kitu kidogo kinamaliza kuanguka mapema mno. Modeli ya kipimo cha 1 kwa 25 huanguka kwa moja ya tano ya muda wa kitu halisi, kwa hiyo badala ya fremu (picha moja moja za mkanda) 24 kwa sekunde unapiga 120, kisha unazionyesha kwa 24 ili mwendo upungue mara tano. Sasa piga gharama: mkanda unaliwa mara tano, mwanga unahitajika mara tano, na bado lazima ubane tundu la lenzi ili mbele na nyuma vyote viwe vikali, maana yake taa zaidi, na joto linaloweza kukunja plastiki. Ukiitazama Antaktika ya "Gorath" (1962), pale binadamu wanapofunga mitambo ya kuisogeza Dunia, kumbuka kwamba mwendo ule mzito na wa polepole wa moto na moshi ulinunuliwa kwa mkanda na umeme.

Kwa Waitalia naambiwa kuhusu mwongozaji Mario Bava, "Bava alijaza ukungu kuficha umaskini." Ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoniudhi. Kuhusu filamu yake "Terrore nello spazio" (1965), Bava mwenyewe alisimulia kuwa sayari yake ilianza na mawe mawili ya plastiki yaliyobaki kwenye filamu ya mashujaa wa kale. Aliyazidisha kwa vioo, akaongeza modeli na moshi, karibu yote ndani ya kamera. Lakini ukungu una kazi nyingine kubwa. Hewa ya studio ni safi, kwa hiyo jiwe la nyuma huwa kali sawasawa na la mbele, na jicho linatambua mara moja kwamba hapa ni chumbani. Weka moshi, kila hatua chache zinafifia kama kilomita nzima. Tena moshi hushika rangi: taa nyekundu huku, ya kijani kule, na umepata kina ambacho ukuta mtupu haukupi. Ningekuwa na fedha mara kumi, bado ningeweka moshi.

Antonio Margheriti, mwongozaji mwingine wa Italia, ni habari nyingine. Mwaka 1965 alipiga filamu nne za kituo cha anga cha kubuni, Gamma Uno, kwa mfululizo, kwa seti zilezile, na haraka inaonekana. Hapo sibishi.

Ila kanuni yangu ya fremu 120 ina tundu ambalo vitabu hulipita kimya. Hesabu yake inatokana na kuanguka, na chombo kilicho angani hakianguki mbele ya macho yetu. Basi kwa nini tunakipunguza kasi? Nadhani ni mazoea: jicho letu lilijifunza ukubwa kwa kutazama meli. Moto nao haufuati kanuni hiyo vizuri, ndimi zake hubaki nene vilevile hata modeli ikipungua. Niliwahi kupiga chombo kimoja kwa 48, 72 na 120, nikawaonyesha wenzangu bila kuwaambia ipi ni ipi. Wengi walichagua 72, na hesabu ilikuwa imesema 120.