Nguzo zikipita shambani, shamba lote haliendi
Ile meseji ya "ukisaini tu nguzo zipite, shamba lote limeenda" imerudi tena kwenye magrupu, na si kweli jamani. Kwa laini ya umeme au bomba, mara nyingi mradi unapata haki ya kupita kwenye kipande tu, shamba linabaki lako, ila hapo njiani hujengi wala hupandi miti mirefu. Watu wanachanganya na barabara, ambayo kipande chake kinachukuliwa kabisa, na vigingi vinavyochomekwa kuonyesha mipaka ya njia vinafanana. Soma mkataba kabla hujasaini, tafuta palipoandikwa upana kwa mita, kapime kwa tepu kigingi hadi kigingi, halafu ulizia masjala ya ardhi. Tafadhali msiifowadi meseji hiyo, anayeogopa akakimbia uthamini, yaani ile kazi ya kuhesabu mali kwa ajili ya fidia, anaweza kukosa kuhesabiwa mazao yake.