Kuku ishirini, mashina mia ya nyanya na kisima cha maji ya munyu

Anayefuga kuku na kulima nyanya uwanja mmoja hapa Malindi ana maadui wawili wanaomla pande zote mbili: joto na chumvi. Kuku wakitaga mayai ya ganda jembamba na nyanya zikioza kitako, watu hukimbilia agroveti kununua dawa, kumbe mara nyingi chanzo cha yote mawili ni ndoo ile ile ya maji ya kisima.

Maji

Ulimi uliozoea maji ya munyu haupimi kitu. Nunua kipima chumvi kidogo cha mkononi, kile kinachosoma kwa mS/cm, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji yaliyo chini ya 1.7 hayaipunguzii nyanya mavuno. Yakifika 2.3 hesabu kupoteza sehemu moja ya kumi, yakifika 3.4 robo, na kwenye 5 umebaki na nusu. Hesabu hiyo ni ya mkulima anayemwagilia maji ya ziada ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Anayenyunyiza kidogo kidogo juu juu hupata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa maji hupaa na chumvi hubaki.

Kuku ni wavumilivu zaidi kidogo kuliko nyanya. Kati ya 1.5 na 5 kinyesi huanza kuwa majimaji na matandiko ya banda hulowa. Zaidi ya 5 usiwape. Tena chumvi ya maji ya kunywa huharibu ganda la yai hata pale chakula kina chokaa ya kutosha, ndiyo maana kuongeza chokaa wakati mwingine hakusaidii.

Pima mwishoni mwa kaskazi, kabla ya mvua ndefu, maana wakati huo kisima kiko katika hali yake mbaya. Kwenye visima vya karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa hivyo pampu yenye nguvu ikivuta kwa muda mrefu hupandisha yale ya chini. Vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, ukihifadhi kwenye tangi. Kama nyumba ina paa la mabati, weka mfereji wa kukinga mvua: paa la mita 40 za mraba na mvua ya milimita 20 ni lita 800 kwa hesabu, nawe tegemea kama 650. Maji hayo ni ya kuku na ya kitalu cha miche. Mashina makubwa ndiyo ya kumaliziwa na kisima.

Banda na ganda la yai

Kuku ishirini wanaotaga watoshee mita sita za mraba, yaani mbili kwa tatu. Vitabu vya bara hubana zaidi ya hapo, lakini pwani kila kuku ni jiko. Paa liwe la makuti, si mabati, na ukuta wa chini usizidi sentimita 60, juu yake uwe wavu mtupu. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie ndani, na upepo wa kusi upite moja kwa moja. Fito za kulalia zimpe kila kuku sentimita 20. Viota vinne au vitano vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha.

Juu ya uwanja wao tandaza nyavu kuukuu za wavuvi, kwani kunguru wa Malindi hachukui vifaranga tu, huingia hadi kwenye kiota akaiba yai. Ila nyavu hazimzuii nguchiro, huzitafuna. Chini kuzunguka pande zote weka waya, na uufukie sentimita 30 ardhini.

Joto likipita nyuzi 30 kuku hufungua mdomo na kuhema. Kuhema huko humtoa kaboni dayoksaidi nyingi mwilini, na gesi hiyo ndiyo mwili unayoitumia kutengenezea kaboneti ya ganda. Basi kuku anayehema mchana kutwa hutaga yai la ganda laini hata akila vizuri, na kwa kawaida hali vizuri, maana joto humkatisha hamu. Mpe sehemu kubwa ya chakula alfajiri na nyingine saa kumi na moja jioni. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hivyo gunia la kilo 70 la chakula cha kuku wa mayai linakata mwezi mmoja kwa ishirini. Maji ya wote ishirini ni lita 5 kwa siku za kawaida na hata 10 siku za joto. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini huyapoza vizuri kuliko chombo cha plastiki.

Ganda hujengwa kwa muda wa karibu saa 20, sehemu kubwa usiku, wakati kuku hali. Chokaa ya unga aliyokula asubuhi imeshapita. Anachohitaji ni vipande vya maganda ya chaza vilivyopondwa vikabaki na ukubwa wa punje ya mtama au zaidi kidogo. Hivyo hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Viweke kwenye chombo chake peke yake, jioni, kila kuku ajichotee. Maganda omba kwa wauza samaki au jikoni za hoteli, uyasuuze chumvi. Usiyaokote ndani ya hifadhi ya bahari, imekatazwa.

Machicha ya nazi ni chakula cha kujazia tu, yana mafuta na protini kidogo, na kwa joto letu huchacha kabla ya siku kuisha. Yanayobaki jioni toa.

Kwenye chanjo sina mengi. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, ndicho kinachofuta banda zima. Chanjo yake iitwayo I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, tone moja jichoni, kisha irudiwe kila miezi mitatu. Chanjo za kunywa usizichanganye na maji ya bomba yenye klorini, utakuwa umeziua kabla ya kuku kuzinywa. Ndui nayo ni ya kuchanja, kwa sababu mbu ndio wanaoieneza na mbu tunao. Ukiona vidoa vyeusi vimeganda kuzunguka macho na kishungi, angalia kwa karibu: vikiwa ni viroboto, wapake viroboto hao mafuta mazito ya kujipaka hadi wakose hewa, na ubadilishe mchanga wa kuogea.

Samadi

Ule weupe juu ya kinyesi cha kuku ndio mkojo wake, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya naitrojeni. Ikioza hugeuka amonia inayounguza mizizi. Zaidi ya hapo samadi ya kuku ina chumvi zake. Ukiitia mbichi kwenye mchanga unaomwagiliwa maji ya munyu, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na mche hukauka ncha za majani ndani ya juma moja ilhali umemwagiliwa. Wengi husema ni ugonjwa. Kwa hivyo iozeshe kwanza kwenye lundo.

Banda la mita sita za mraba lenye matandiko ya maranda ya sentimita 15 hutoa karibu mita moja ya ujazo ukilisafisha, na hicho ndicho kipimo kidogo kabisa cha lundo linaloweza kupata joto la kuivisha mbolea. Kama kinyesi ni kingi kuliko maranda, changanya kila ndoo na ndoo mbili au tatu za majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Lowesha hadi konzi ukiikamua itoe tone moja au mawili, si zaidi. Chomeka nondo ya chuma katikati. Baada ya siku chache ukiichomoa usiweze kuishika, lundo linafanya kazi. Ligeuze kila juma kwa mwezi wa kwanza, halafu liache miezi miwili. Harufu kali ya amonia maana yake kinyesi kimezidi, ongeza vikavu. Harufu ya kuoza maana yake maji yamezidi. Lifunike kwa makuti nyakati zote: kiangazi lisikauke na kuzima, masika mvua isilisafishe hadi ukabaki na maranda matupu.

Kabla ya kuitumia, jaza kopo, panda mbegu za mchicha. Zikiota kijani na kusimama, mbolea imeiva. Kila shimo la nyanya litie viganja viwili vilivyojaa, kama nusu kilo, uchanganye na udongo. Kilo 50 zinatosha mashina mia. Zinazobaki peleka kwenye migomba na minazi, kwa kuwa nyanya iliyoshiba kupita kiasi huota majani mapana na kusahau maua.

Majivu usiongeze. Sehemu zetu nyingi zina matumbawe chini, udongo umeshajaa chokaa, na majivu huzidisha. Dalili yake ni majani machanga kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kimo udongoni lakini mmea hauwezi kukichukua.

Nyanya

Nyanya hutoa maua hata Februari, kisha maua hayo huanguka. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 24 chavua huharibika na tunda halishiki. Hakuna dawa ya hilo isipokuwa kalenda. Miezi yetu ya baridi ni Julai na Agosti, basi hesabu kurudi nyuma: mbegu kitaluni katikati ya Mei, chini ya chandarua cha matundu madogo kuzuia nzi weupe wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja, na miche ihamishwe katikati ya Juni ikiwa na majani manne au matano. Nafasi sentimita 60 kati ya mashina na 75 kati ya mistari. Upande wa kusini simamisha ua wa makuti, kwani kusi huvunja matawi na karibu na ufuo huleta chumvi hewani.

Kwenye pakiti ya mbegu tafuta herufi TYLCV kwa ugonjwa wa kujikunja majani, na N kwa minyoo ya mizizi. Hiyo N ina siri ambayo pakiti haisemi: kinga yake hulegea udongo ukipita nyuzi 28, na mchanga mtupu wa Malindi hupita hapo kwa urahisi. Ndiyo maana matandazo si pambo. Tandika nyasi kavu unene wa sentimita 8 hadi 10, zisiguse shina. Makumbi ya nazi yanafaa, ila yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yasuuzwe kwanza mara kadhaa.

Mmea ukinyauka ghafla mchana ungali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa na mizizi yake, choma, usiupeleke kwenye lundo la mbolea. Kama hakuna uzi, chimbua uangalie mizizi: vinundu ni minyoo.

Kitako cheusi si upungufu wa chokaa udongoni. Kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, husafiri na maji, na maji yakikatika au yakiwa na chumvi haifiki mwisho wa tunda. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayatakuokoa msimu huo, huyeyuka polepole mno. Mpe kila shina linalozaa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, na mara moja kwa juma mwaga maradufu ili chumvi ishuke.

Tuta absoluta, nondo (mdudu kama kipepeo arukaye usiku) aliyeingia Kenya mwaka 2014, utamjua kwa jani lenye madoa mapana yanayopitisha mwanga, na kiwavi ndani yake kati ya ngozi mbili za jani. Chuma majani hayo mapema, funga ndani ya mfuko wa plastiki, uache juani. Usipogoe sana lakini, tunda lisilo na kivuli cha majani huungua ubavu ukawa mweupe.

Vuna tunda likianza kugeuka rangi kitakoni. Likibaki shambani kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, rangi nyekundu haijengeki na litabaki la machungwa. Liivishie chumbani penye hewa, si juani.

Mavuno yakiisha ng'oa mashina yote uyachome, kisha ufungulie kuku kitanda kwa juma moja wachakure mabuu ya Tuta yaliyojificha udongoni. Kama ulipiga dawa, subiri kwanza siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Nyanya mbivu zilizopasuka wape, ila mbichi na majani zina sumu. Msimu unaofuata panda hapo mahindi, si bilinganya wala pilipili, na nyanya ihamie kitanda cha pili.