Dawa ya sonona iliyoishia kuzuia kutapika

Wagonjwa wa saratani wanaomeza aprepitanti kabla ya tibakemikali wanaijua kama dawa ya kuzuia kutapika. Sisi wa afya ya akili tunaikumbuka kwa jambo jingine: nusura iwe dawa ya sonona.

Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha matokeo ya wagonjwa 213 wa sonona. Waliomeza aprepitanti kwa wiki 6 walipata nafuu sawa na waliomeza paroksetini, dawa ya sonona ya kawaida, na waliwazidi waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kilichotusisimua ni njia yake. Haikugusa serotonini, kemikali ya ubongo inayolengwa na dawa nyingi za sonona, bali ilifunga kipokezi (mlango wa kwenye seli) cha dutu P, nyuropeptidi iliyogunduliwa London mwaka 1931 na von Euler na Gaddum.

Nyuropeptidi ni vipande vifupi vya protini ambavyo neva hutumia kupashana habari. Serotonini ni kama chupa ya soda, hurudishwa na kutumika tena. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huzuia urejeshaji huo. Nyuropeptidi hairudishwi. Hutengenezwa upya ndani ya seli, husafirishwa hadi ncha ya neva, na kwa kawaida haimwagwi mpaka neva ichochewe mfululizo. Kwa hiyo tulidhani tumeshika pabaya pa ugonjwa wenyewe, maana sonona nyingi huanza mtu akiwa amezidiwa.

CRF, nyuropeptidi nyingine, ya msongo, ilitupa matumaini yale yale. Wylie Vale na wenzake waliieleza mwaka 1981: amino asidi 41, na kazi yake ni kuanzisha mfululizo unaoishia tezi za adrenali kumwaga kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 1984 Charles Nemeroff na wenzake waliripoti kuwa imezidi kwenye majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona. Basi izuie, mtu apone! Vizuizi vyake vilitengenezwa, vikapimwa, vikashindwa.

Aprepitanti nayo ilianguka kwenye majaribio makubwa. Mwaka 2003 Merck, kampuni iliyoitengeneza, waliachana nayo kwa sonona, mwaka ule ule Marekani ilipoiidhinisha kwa kichefuchefu. Kinachouma ni kwamba picha za ubongo zilionyesha dozi ile ilifunga zaidi ya asilimia 90 ya vipokezi. Dawa ilifika, mlango ukafungwa, na huzuni ikabaki pale pale.

Oksitosini, nayo nyuropeptidi, je? Naulizwa sana, hasa na wanaoona dawa zake za kupuliza puani zikiuzwa mtandaoni kwa jina la "homoni ya upendo". Wakunga wanaijua vizuri zaidi: amino asidi 9 tu, tumbo huzimeng'enya, na kwenye damu hudumu dakika chache, ndiyo maana mama mwenye uchungu huwekewa dripu. Kuingia kwenye ubongo ni shida zaidi. Kwa sonona, matokeo ya utafiti hayajatulia. Pesa yako itunze.

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kuchukua watu wote wenye sonona na kuwapa ufunguo mmoja. Anayelala kwa muda wa saa 12 na asiyepata lepe la usingizi huandikiwa ugonjwa ule ule kwenye faili, lakini sidhani kama ubongo wao unaumwa namna moja. Ndiyo sababu naifuatilia seltoreksanti, inayozuia kipokezi cha oreksini, nyuropeptidi ya kutuweka macho. Majaribio yake makubwa yamewalenga wagonjwa wa sonona wanaokosa usingizi.