APRS: Kupashana Hali ya Hewa na Mahali Kituo Kilipo kwa Redio ya Ridhaa

APRS (kifupi cha Automatic Packet Reporting System) ni utaratibu unaoziwezesha redio za ridhaa kutuma, bila mtu kuzungumza, taarifa fupi zinazoeleza kituo kiko wapi na hali ya hewa hapo ikoje. Mwasisi wake ni Bob Bruninga wa Chuo cha Wanamaji cha Marekani huko Annapolis, aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1980. Wengi huuona kuwa chombo cha kufuatilia magari kwenye ramani, mtazamo ambao Bruninga aliupinga kwa miaka mingi, kwani alikusudia watu wa eneo moja wajue papo hapo kinachotokea karibu nao.

Taarifa ni maandishi machache yanayogeuzwa kuwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, inayopishana upesi kiasi kwamba sikio husikia mkwaruzo mfupi tu. Katika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika vituo hutumia megahezi 144.800. Tuseme kituo cha Kisumu kimetuma hivi:

0006.00S/03445.00E_220/004g009t077r000p012h68b10120

Sehemu ya kwanza ni mahali: dakika 6 kusini mwa ikweta, nyuzi 34 na dakika 45 mashariki. Alama ya mstari wa chini humwambia msomaji kwamba hiki ni kituo cha hali ya hewa. Upepo unatoka nyuzi 220, yaani kusini magharibi, upande wa ziwa, kwa maili 4 kwa saa, na uliovuma kwa nguvu zaidi ulifika maili 9. Joto ni nyuzi 77 za Farenhaiti, sawa na 25 za Selsiasi. Saa iliyopita haikunyesha, lakini katika saa 24 zilizopita imenyesha inchi 0.12, yaani milimita 3 hivi. Unyevu ni asilimia 68, na kanieneo ya hewa ni milibari 1012.0.

Tarakimu hiyo ya mwisho inastahili uangalifu mkubwa kwetu sisi tunaoishi nyanda za juu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kipimo kisichorekebishwa kitasoma karibu milibari 890, na Nakuru, iliyo juu zaidi, kitasoma karibu 820. Mwenye kituo asipokirekebisha kifaa chake kulingana na usawa wa bahari, ramani itaonyesha tofauti kubwa ya kanieneo kati ya miji hii miwili, nayo itakuwa imetokana na mwinuko wa ardhi tu.

Mawimbi ya masafa haya husafiri takribani kwa mstari ulionyooka, na kati ya Kisumu na Nakuru umesimama ukingo wa Mau. Ili taarifa ivuke, inahitajika dijipita, yaani kituo kilicho mahali pa juu kinachopokea pakiti, yaani taarifa moja kama ilivyotumwa, na kuirudia kwenye masafa yaleyale. Mtumaji huandika ndani ya pakiti idadi ya marudio anayoyaomba, na kila dijipita hupunguza moja. Kuomba mengi ni kuwaziba wengine, kwa sababu wote wanatumia njia moja. Baadhi ya vituo huipeleka taarifa hiyo kwenye intaneti, lakini kwa maoni yangu thamani kubwa ya APRS ni kwamba inaendelea kufanya kazi hata mtandao wa simu unapokatika, mathalani wakati wa dhoruba za usiku ziwani.

Taarifa za mahali na hali ya hewa hazisubiri jibu la kuthibitisha kwamba zimepokewa. Pakiti mbili zikigongana hupotea, na pengo huzibwa na ile inayofuata, pengine dakika 10 baadaye. Kwa hiyo anayetaka kuamua kama mtumbwi utoke, kwanza atazame taarifa hiyo ilitumwa saa ngapi.

Kutuma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama za vituo vya ridhaa nchini huanza na 5Z4. Kila kinachotumwa kiko wazi kwa yeyote mwenye kipokezi, mahali nyumba ilipo pakiwemo, kwa hiyo asiyetaka nyumba yake ijulikane huandika mahali pa kukadiria, kwa kupunguza tarakimu za mwisho.